Muulize Mwalimu: Je, Kenya Inatupita Mara Saba kwa Fedha za Elimu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina duka la vifaa vya shule hapa Majengo, Dodoma. Dada yangu ameolewa Nakuru, na sikukuu iliyopita shemeji alikuja kututembelea. Tulibishana mpaka ugali ukapoa. Anasema mwaka wa fedha 2023/24 Kenya ilitenga asilimia 27 ya bajeti yake kwa elimu. Kisha akatoa simu akanionyesha bajeti ya Wizara yetu ya Elimu ya mwaka huo huo, shilingi trilioni 1.67, na bajeti nzima ya serikali, trilioni 44.39. Tukagawanya, ikaja asilimia 3.8. Nikakosa la kusema. Ni kweli Kenya inatupita mara saba? Na je, ndivyo ilivyokuwa tangu zamani?
Msomaji, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu, na mbukwenyi hapo Majengo.

Shemeji yako hakusema uongo. Tarakimu zote alizokuonyesha zilisomwa hadharani, za kwetu hapa hapa Dodoma bungeni, za kwao Nairobi. Kosa ni kwamba amepima debe kwa kibaba. Na simlaumu, maana kosa hilo hilo nimewahi kulifanya mbele ya watu wazima.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa Afisa Elimu Takwimu katika halmashauri mojawapo ya mkoa huu, na niliombwa kuzungumza kwenye kikao cha wadau wa elimu. Nikachora kwenye karatasi ya manila mihimili miwili, wa Kenya kwa kalamu nyekundu na wa Tanzania kwa bluu. Ule mwekundu ulifika juu kabisa ya karatasi, wa bluu ukaishia chini kama kisiki. Watu wakaguna. Akasimama mwalimu mkuu mmoja mzee, alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, akasogea mpaka kwenye manila, akaweka kidole juu ya mhimili wetu. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama, mshahara wangu uko wapi humo?"

Nikatazama. Haukuwamo. Wala wa mwalimu yeyote aliyekuwa amekaa ukumbini mle.

Hapo ndipo pa kuanzia, mwanangu. Kwa utaratibu wetu, bajeti ya Wizara ya Elimu ni Fungu 46, yaani namba ya sehemu yake katika vitabu vya bajeti. Ndani yake kuna mambo ya vyuo vikuu, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, vyuo vya ualimu, ukaguzi, miradi ya wizara yenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi ya Chamwino au wa sekondari ya kata kule Mpwapwa halipwi kutoka Fungu 46. Mshahara wake unapita halmashauri, na fedha za halmashauri zimeandikwa chini ya mafungu ya mikoa. Mkoa wetu wa Dodoma ni Fungu 72, Singida ni 84. Serikali hutoa vitabu vinne vya bajeti kila mwaka: cha kwanza ni mapato, cha pili matumizi ya kawaida ya wizara, cha tatu mikoa na halmashauri, cha nne maendeleo. Sehemu kubwa ya fedha ya elimu ya nchi hii, ile inayolipa watu wanaoshika chaki, imo katika kitabu cha tatu. Anayefungua cha pili peke yake anaona wizara, haoni shule.

Kenya wamepanga tofauti. Wao wana Tume ya Kuwaajiri Walimu tangu 1967, na mishahara ya walimu wa serikali wa msingi na sekondari inapita huko, kwa hiyo inahesabiwa moja kwa moja ndani ya sekta ya elimu. Shemeji aliposema Kenya, alikuwa anasema wizara na walimu pamoja. Aliposema Tanzania, walimu amewaacha nje mlangoni.

Hiyo ni moja. Ya pili ni hiyo asilimia 27 yenyewe. Mwaka 2023/24 Kenya ilitenga shilingi zao bilioni 628.6 kwa elimu, na bajeti yao yote ilikuwa takriban trilioni 3.68. Chukua kikokotoo chako cha dukani ugawanye. Utapata asilimia 17. Hiyo 27 inatokea wapi? Inatokea pale unapoondoa kwanza fedha za kulipa madeni na zile zinazokwenda kaunti, kisha ukagawanya kwa kilichobaki. Wanaosema 27 hawajadanganya. Wamegawanya kwa chungu kidogo.

Na sisi tuna tabia hiyo hiyo, usidhani. Nina mwaka mmoja ambao naupenda sana kwa kufundishia, 2016/17, kwa sababu mwaka ule serikali ilitaja jumla ya sekta nzima katika hotuba ya bajeti: shilingi trilioni 4.77 kwa elimu. Bajeti nzima ilikuwa trilioni 29.5. Wizara peke yake ilikuwa na karibu trilioni 1.4. Sasa angalia mwaka huo mmoja, nchi hiyo hiyo moja. Ukigawanya fedha za wizara kwa bajeti nzima, unapata kama asilimia 4.7. Ukigawanya fedha za sekta nzima kwa bajeti nzima, unapata 16. Ukiondoa deni la taifa, unapata 22.1, na hiyo ndiyo waziri aliyoisoma. Asilimia tatu zilizoachana kiasi hicho, na hakuna hata senti moja iliyohama mfukoni. (Usije ukachukua hiyo 22.1 ya 2016/17 ukampelekea shemeji ashindane nayo na 27 ya 2023/24. Miaka ni tofauti. Nakuonyesha njia tu.)

Basi, je, Kenya haitupiti? Inatupita. Nisikufiche. Kipimo ambacho nchi nyingi hukubaliana kukitumia ni fedha za elimu ukilinganisha na pato la taifa, yaani mali yote inayozalishwa nchini kwa mwaka. Mwaka 2015, kule Incheon, Korea Kusini, nchi zilikubaliana lengo la asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Kwa miaka ishirini hivi Kenya imekuwa ikizunguka kwenye 5, kuna miaka imepanda zaidi na kuna miaka imeteleza chini. Sisi kwa miaka ya karibuni tumekuwa kati ya 3 na 4. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli, na inauma vya kutosha bila kuiongezea chumvi. Kumbuka pia kwamba pato la Kenya ni kubwa kuliko letu, na watu wetu ni wengi zaidi: sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, yao ya 2019 ikahesabu 47,564,296. Asilimia ndogo, ya mali ndogo, kwa watoto wengi.

Umeuliza kama ni tangu zamani. Hapa ningeomba ukae chini, maana ndipo roho yangu ilipo.

Nchi hizi mbili zilianza njia kwa mwendo tofauti wa makusudi. Sisi, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tulichagua kumfikia kila mtoto kwanza. Azimio la Musoma la 1974 likasukuma, na mwaka 1977 UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote, ikaanza. Mimi ni zao lake. Darasa letu lilikuwa chini ya mbuyu, na aliyetufundisha kusoma alikuwa kijana wa kijijini aliyemaliza darasa la saba na kupewa mafunzo ya muda mfupi. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu watoto wote wa rika la shule walikuwa wameandikishwa. Lakini sekondari zilibaki chache mno, tena kwa mpango. Kenya wao waliacha wananchi wajenge sekondari za Harambee kila kilima, serikali ikawafuata nyuma kwa walimu. Kwa hiyo ukiangalia fedha za miaka ya 1970 na 1980, za kwetu zimelala zaidi msingi, za kwao zimepanda mpaka sekondari na vyuo, na mwanafunzi wa sekondari ni ghali kuliko wa msingi popote pale duniani. Mpaka leo Kenya ina wanafunzi wengi wa sekondari kuliko sisi, ingawa sisi ni wengi kuliko wao.

Kisha ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, uchumi ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 ada na michango vikarudi. Kenya nao hawakupona: mwaka 1988 walitangaza wazazi wachangie gharama. Miaka ya 1990 watoto wetu walipungua shuleni, na hiyo niliiona kwa macho. Nilipoanza kazi nilikuta daftari la mahudhurio la shule moja ya upande wa Bahi ambapo majina yaliyokatwa kwa wino mwekundu yalikuwa karibu sawa na yaliyobaki. Pembeni ya kila jina lililokatwa mwalimu aliandika neno moja dogo: "mtoro", "mtoro", "mtoro". Hawakuwa watoro. Walikuwa hawana ada.

Kwa hiyo ukitaka mwaka mzuri wa kuanzia ulinganisho, anzia 2000, kabla nchi zote mbili hazijafuta ada tena. Sisi tukafuta, na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002. Kenya wakafuata Januari 2003. Wanafunzi wetu wa msingi walipanda kutoka kama milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Wao walipata ongezeko la zaidi ya milioni moja katika mwaka mmoja. Hapo nchi zote mbili zilibeba mzigo wa aina moja, kwa wakati mmoja, na unaweza kuuliza swali la haki: kila nchi ilimpa nini mtoto mmoja?

Sisi tulianza na ruzuku ya dola 10 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, ambayo wakati huo ilikuwa kama shilingi 10,000. Kenya walianza na shilingi zao 1,020, kama dola 13. Tulikuwa karibu karibu. Ilipofika 2016, elimu bila malipo ilipoanza kwetu, kima chetu kilikuwa bado ni shilingi 10,000, ambazo sasa hazikufika hata dola 5. Kenya wakati huo walikuwa wamekwishapandisha hadi shilingi 1,420, kama dola 14. Tarakimu yetu ilisimama pale pale miaka kumi na minne huku shilingi ikiteremka chini yake.

Kama kuna jambo la kumwambia shemeji, ni hilo. Mara saba si kweli. Lakini mtoto wa msingi wa Kenya mwaka 2016 alikuwa ametengewa ruzuku karibu mara tatu ya mtoto wa Dodoma, na miaka kumi na minne nyuma walikuwa wamekaribiana. Mwambie pia kwamba kutengewa si kupokea. Walimu wakuu wa kwao nao wamelalamika miaka mingi kwamba fedha inachelewa na inafika pungufu. Hapo mtaelewana.


SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, naandika utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu matumizi ya elimu ya Tanzania na Kenya. Nikipanga takwimu za asilimia ya pato la taifa, naona zinaporomoka ghafla karibu na 2014 kwa nchi zote mbili. Lakini sioni habari yoyote kwamba bajeti zilikatwa. Nimekosea wapi?
Msomaji, Chimwaga

JIBU: Hukukosea kuhesabu, mwanangu. Umechanganya machapisho ya zamani na mapya.

Mwaka 2014 Kenya walipima upya pato lao la taifa kwa kutumia mwaka mpya wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake ndizo kipimo, wakagundua uchumi wao ni mkubwa kwa takriban robo kuliko walivyodhani. Sisi tukafanya vivyo hivyo mwishoni mwa mwaka ule ule, na la kwetu nalo likaongezeka kwa zaidi ya robo. Sasa fikiri: nchi iliyokuwa ikitoa 5 katika 100, ile 100 ikigeuka 125, ile 5 inakuwa asilimia 4. Hakuna mwalimu aliyepunguziwa mshahara, hakuna dawati lililopotea. Sisi tukapima tena 2019, Kenya 2021. Kwa hiyo chukua mfululizo wote kutoka chapisho moja, la karibuni kabisa, ambalo limerekebisha na miaka ya nyuma. Usiunge kipande cha 2010 na cha 2020 kama mtu anayeshona kanga mbili za rangi tofauti.

Kuna mtego mwingine kwa upande wetu, na huu umewakamata wengi ninaowasaidia. Mwaka 2009 usimamizi wa sekondari ulitoka wizarani ukaenda halmashauri. Ukifuatilia Fungu 46 peke yake utaona kama serikali iliitupa sekondari, kumbe fedha zilihamia kitabu cha tatu. Kenya nao, baada ya katiba ya 2010, chekechea zikaenda kaunti. Ukihesabu bajeti ya taifa tu, chekechea zao hazimo.

Na ukitaka kurudi nyuma sana, kumbuka kwamba mpaka 1966 nchi hizi zilitumia shilingi moja, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Shilingi zetu mbili zilizaliwa mwaka ule zikiwa sawa kwa sawa. Leo shilingi moja ya Kenya inanunua kama 18 hadi 20 za kwetu. Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali la tangu 1965 ambalo alibadili fedha zote kwa bei ya mwaka aliouandikia. Miaka ya mwanzo yote iligeuka takataka. Badili kila mwaka kwa bei ya mwaka huo huo, kisha ondoa mfumuko wa bei wa kila nchi. Ni kazi ya wiki nzima. Ifanye.

Jambo la mwisho kwako: andika wazi, kila safu, kama ni fedha iliyoidhinishwa, iliyotolewa, au iliyotumika. Hotuba ya bajeti ya Juni ni ahadi. Kilichotokea utakikuta kwenye taarifa za utekelezaji na za Mkaguzi Mkuu, mwaka mmoja na zaidi baadaye. Ukiweka ahadi ya nchi moja mbele ya matumizi ya nchi nyingine, msimamizi wako akikurudishia karatasi usije kwangu kulia.


SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu wilayani Bahi. Tunaambiwa elimu ni bila malipo, na redioni mnazungumza matrilioni. Kwa nini shule inaniomba tena mchango? Hizo fedha zinaishia wapi?
Msomaji, Bahi

JIBU: Mama yangu, swali lako ndilo kubwa kuliko yote mawili ya juu.

Katika zile shilingi 10,000 za mtoto mmoja kwa mwaka, 4,000 zilipangwa zibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu kwa pamoja. Shuleni zikapangwa 6,000. Zigawanye kwa miezi kumi na miwili. Ni shilingi 500 kwa mwezi. Sarafu moja. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati wa mlango uliong'oka, michezo, na safari ya mwalimu mkuu kwenda wilayani. Shule ya watoto 800 inapata 400,000 kwa mwezi, na hiyo ni pale fedha inapofika yote.

Ndiyo maana shule inakurudia. Na fedha unayotoa wewe, sawa na ile waliyotoa wazazi wa Harambee kule Kenya, haimo katika asilimia yoyote ya shemeji wala ya waziri. Nchi mbili zinaweza kuonekana zimelingana vitabuni huku mzazi wa moja akibeba mara mbili ya mwenzake.

Sheria ipo upande wako: waraka wa elimu namba 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima. Mchango wa hiari mliokubaliana wazazi kwenye mkutano ni jambo jingine, na hata huo mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake. Nenda shuleni ukatazame ubao wa matangazo. Kiasi kilichoingia kinatakiwa kibandikwe pale. Kama hakijabandikwa, mwombe mwenyekiti wa kamati ya shule akisome kwenye mkutano, nawe ugawanye kwa idadi ya watoto, kwa miezi. Ukipata chini ya 500, andika tarehe na kiasi kwenye daftari, kisha unitumie. Nina kaunta buku yangu ya kwaya nne niliyoianza siku ya kile kikao cha manila. Ina kurasa za Kenya na kurasa za Tanzania, na za Bahi bado ni nyeupe.